Springi Zililala Bila Mzigo

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize kabisa, ndipo aendelee. Sipendi mtu wa kunichekea katikati. Shule nilisoma ya kuandika jina langu na kufuata Zaburi kwa kidole, basi. Lakini macho nilikuwa nayo, masikio nilikuwa nayo, na makalio pia nilikuwa nayo, maana haya ninayoeleza mengi niliyajua kwa kukalia.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita ya Hitla imekwisha juzijuzi. Nilikuwa nimeolewa Mhezi, sijapata mtoto bado. Mume wangu Hezroni alikuwa dereva wa lori la Zebedayo, mfanyabiashara wa pale kwetu. Anateremsha kahawa Same, anapandisha chumvi na mafuta ya taa. Wiki ile utingo wake alilala na homa, kwa hiyo Hezroni akaniambia twende wote, nimshikie taa na kumwekea mawe nyuma ya matairi akisimama mlimani, kwa kuwa breki ya mkono ya lori lile ilikuwa pambo tu. Ndivyo nilivyopata kazi ya utingo. Si kwa kupenda safari.

Asubuhi tukiteremka na kahawa, hata Mhezi hatujaimaliza, chini ya lori kitu kikakatika, ta! Lori likainama upande wa dereva kama mbuzi aliyeteguka mguu.

Springi za magari yale zilikuwa vyuma bapa vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, vifupi chini. Kile kirefu ndicho kimebeba wenzake, na ndicho kilichokatika. Kipuri hakuna, vita ilikuwa imekula vyuma vyote. Madereva wa milimani walikuwa na dawa yao: unakata gogo gumu, unalisokomeza kati ya ekseli na chesisi, unalifunga kwa waya, unateremka polepole. Mgongo wako unaumia, lakini unafika.

Hezroni akachukua shoka, akapanda ukingo wa juu wa njia.

Nikamwona anakoelekea.

Pale juu palikuwa na mpungi, msitu wa ukoo wa kina Hezroni. Kabla ya ukristo mzee akizikwa, baadaye fuvu lake lilifukuliwa, likapelekwa mpungini likae na wenzake kwenye vyungu. Ndiko alikokwenda kupumzika hasa, kaburini alipita tu. Katika mpungi mtu haokoti hata kijiti kikavu cha kuwashia moto mpaka mzee wa ukoo apeleke pombe ya miwa na kuomba. Hata ng'ombe akiingia, hafuatwi.

Nilimwambia miti iko mingi, ashuke kwa chini. Akanicheka.

"Dorkas, mimi nimebatizwa. Mti ni mti."

Na mimi nilikuwa nimebatizwa, tena mbele yake. Ila ubatizo wangu haukunipa shoka la kwenda nalo mpungini. Nikanyamaza, maana mwanamume akishaanza kukata hasikii tena.

Akarudi na kipande kifupi, kinene kama paja, chekundu ndani, kinachuruzika utomvu mweusi. Akakisokomeza, tukateremka hivyo hivyo, tunagongwa kila jiwe.

Same tukapeleka lori kwa fundi Aminiel, nyuma ya soko. Aminiel alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita, huko Bama, akarudi na sikio moja linalosikia, na hilo moja alikuwa akilielekeza kwenye gari, si kwa mtu. Akaingia chini na mtaimbo, akasukuma huku, akainua kule. Akaanza kututukana tukiwa tumesimama. Bushi zimelika mpaka matundu yamekuwa mayai. Vishikio vya springi vinacheza. Chuma chenyewe akatuonyesha mahali kilipokatika: nusu ina kutu, nusu inang'aa.

"Hiki hakikuvunjika leo," akasema. "Kimekuwa kikivunjika tangu masika, nyinyi mnakipakia tu. Shemeji, na wewe hukusikia kinalia?"

Nikamwambia kinacholia nyumbani kwangu ni vingi, siwezi kuvisikiliza vyote. Akacheka.

Chuma kipya hana. Akachomoa kingine kwenye lori bovu lililokuwa limelala pale uani, kidogo kuliko chetu, chenye nguvu hafifu. Akasema kitatufikisha mpaka kipya kije kutoka Tanga, lakini kisiachwe peke yake. Akalichukua gogo letu, akalipunguza, akalifunga juu ya springi, akaacha nafasi kati yake na chesisi. Lori likizidiwa litakalia gogo, chuma kitapona. Kisha akaingiza ngumi katika nafasi ile.

"Likiwa tupu, ngumi ipite hivi. Ukiona ngumi haipiti, umebeba kupita kiasi. Punguza."

Halafu akanusa mikono yake. Akauliza mti huu ni wa wapi, mbona msumeno wake umegoma mpaka meno yamelala. Hezroni akasema ni mti wa njiani tu. Akanikonyeza.

Sikumkonyeza.

Tulitoka Same jua linaingia. Nyuma tulikuwa na magunia machache ya chumvi, hayajazi hata pembe moja ya bodi. Hezroni akapiga mluzi. Lori lilikuwa jepesi, linaruka vizuri, nikaona labda mimi ndiye mwoga.

Tulipovuka reli akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Kando ya pale palikuwa na vifusi vya mawe, vingi, vimetawanyika kwenye miiba. Ni makaburi ya vibarua waliokufa kwenye reli na kwenye mkonge, na wengine waliokuja kutafuta chakula mwaka wa njaa. Hakuna msalaba, hakuna jina. Wengi wao wanaume wa kwetu, walioteremka wakisema wanarudi.

Nilibaki kichwani mwa lori. Namsikia Hezroni mbele anamimina maji.

Nyuma yangu...

Nyiii.

Kiti kikateremka kidogo chini yangu. Kama mtu mzima amekanyaga bodi akapanda.

Nikajua ni mtu anaomba lifti. Nikauliza nani huko. Nikageuka kuchungulia kwenye kitundu cha nyuma. Magunia. Mbao za bodi. Mwanga mwekundu wa mwisho wa jua.

Nyiii.

Mwingine.

Hezroni akaja na kopo lake. "Umempandisha nani?"

"Sijampandisha mtu."

Akachukua taa, akazunguka nyuma, nikamfuata. Bodi tupu. Akainama kwenye springi, akaingiza ngumi.

Haikupita.

Akajaribu tena, akabana vidole, vidole navyo vikapita kwa shida. Vile vyuma vilivyotoka kwa Aminiel vimepinda vizuri sasa vilikuwa vimelala, vimenyooka kama vinavyonyooka ukipakia kahawa ya kijiji kizima. Na harufu ilikuwa imeanza. Waliopita karibu na mashamba ya mkonge wanaijua, harufu ya makapi ya mkonge yakioza. Huko tulikosimama hapakuwa na mkonge.

Tukarudi ndani. Akawasha. Akakaa tu, mikono kwenye usukani.

Juu ya paa la kichwa cha lori, karibu kabisa na nywele zangu:

Ngo. Ngo.

Ndivyo abiria wa malori walivyokuwa wakimwambia dereva. Mara moja, simama. Mara mbili, twende.

Hezroni akaingiza gia. Nilimwona anavyoingiza. Uso wake ulikuwa hautaki, lakini mkono ulikuwa umezoea.

Njia ya Mwembe ni vumbi na mawe. Lori lilikuwa likikalia gogo kila shimo, du, du, kama lililojaa pomoni. Lakini injini haikujua habari hizo. Ilikuwa ikivuta kama gari tupu, inaimba. Uzito ule ulikuwa juu ya springi tu. Hilo ndilo lililonitia baridi zaidi ya yote. Mzigo ungekuwa mzigo, ningeuelewa.

Na kila tulipopunguza mwendo penye vifusi vya mawe... nyiii.

Sikuhesabu. Ungehesabu wewe?

Baadaye wakaanza kuzungumza. Si kwa kutisha. Walizungumza kama watu wanavyozungumza nyuma ya lori, safari ndefu, wamechoka. Chasu chao, lugha yetu ya mlimani, kilikuwa cha zamani, cha bibi yangu, chenye maneno ambayo sisi tumeyaacha. Mmoja akauliza kama Mwembe tumeipita. Mwingine akakohoa kikohozi cha vumbi la mkonge. Mmoja akasema nyumbani sasa hivi watakuwa wanapika. Wenzake wakacheka kidogo, kwa furaha.

Nikamwambia Hezroni kwa sauti ya chini asimame, turuke, tukimbie. Lori ni la Zebedayo, wamfuate Zebedayo.

"Mikono haitoki," akanong'ona.

"Haitoki wapi?"

"Kwenye usukani. Haitoki, Dorkas."

Nikaishika. Nilivuta kidole kimoja kimoja kama unavyomnyang'anya mtoto tonge. Vilikuwa baridi, na havikufunguka.

Mlima unapoanzia, lori lenyewe likazimika, na mikono ikamtoka. Hezroni akaruka chini kama mwendawazimu, akavuta jeki. Alitaka kulinyanyua upande ule alitoe gogo, alitupe. Jeki ile ilikuwa ikinyanyua lori likiwa na kahawa mpaka juu. Nilimshikia taa. Akapiga, akapiga. Lori halikuinuka hata unywele. Jeki ndiyo ilikuwa ikizama ardhini, taratibu, na ardhi ya pale ni mwamba.

Kutoka juu ya bodi, sauti ya mzee, bila hasira:

"Acha, mwanangu. Hatujafika."

Hezroni akatoka chini ya lori. Grisi usoni. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu mti ni mti. Sikuyasema.

Akatia ufunguo. Lori likawaka mara moja, kama lililokuwa likimngoja.

Tulipanda. Giza lilikuwa limeshika, ukungu unateremka kutoka msituni, taa za lori zinaona kama hatua chache tu. Upande wangu mlima, upande wake korongo. Nyuma wamenyamaza wote. Nadhani walikuwa wakitazama. Mtu akikaribia kwao hunyamaza.

Tulipofika chini ya mpungi...

Ngo.

Mara moja tu.

Akasimama. Ilikuwa katikati ya mteremko mkali, mkia wa lori unatazama korongo. Akanivuta mguu wangu wa kulia, akauweka juu ya breki, ukaukuta wake. Akasema nikanyage kwa nguvu zangu zote. Utingo wa kuweka mawe nilikuwa mimi, na mimi ndiye nilikuwa juu ya breki.

Wakaanza kushuka.

Nyiii... puu. Miguu kwenye udongo. Lori linapanda kidogo.

Nyiii... puu.

Kiti kilikuwa kikinyanyuka nami, kidogo, kidogo, mpaka springi zikasimama kama zilivyosimama kwa Aminiel. Nikapumua. Nikajua yamekwisha. Wamefika, basi, watuache.

Mlango wa Hezroni ukakwaruzwa. Kwa ukucha, taratibu, kama mtu mstaarabu asiyetaka kuwaamsha waliolala.

"Tuletee mti wetu."

Nilimwambia asishuke. Nilimwambia autupe hapo hapo kando ya njia, wauchukue wenyewe, wana mikono ya kugonga mapaa. Akashuka, akaingia chini. Nikasikia spana, nikasikia waya unafunguka. Gogo likatoka bila shida yoyote, lile lililokataa jeki. Akaliweka begani. Akaja dirishani kwangu, uso wake ulikuwa umetulia, umetulia mno.

"Usiinue mguu," akasema. "Hata ukisikia nakuita."

Akapanda ukingo. Ukungu ukamla kuanzia kichwani.

Nilikaa. Injini inaunguruma polepole. Mguu ukaanza kutetemeka, nikalishika goti kwa mikono miwili, nikalikandamiza. Kila nikilegea kidogo lori linajivuta nyuma, nasikia kokoto zinatiririka korongoni. Hazifiki chini upesi.

Halafu akaniita.

"Dorkas."

Sauti yake yenyewe.

"Dorkas... njoo unishike mkono."

Nikakaza mguu.

"Dorkas, wananikalisha."

Nikalia nikiita jina lake. Nikamwomba arudi yeye, mimi siwezi, mimi nina breki. Nikamwita Mungu kwa Kiswahili na kwa Chasu. Mguu ulikuwa wangu lakini haukuwa wangu. Ukiinuka, nakwenda korongoni na lori, na yeye namkosa vilevile. Hivyo ndivyo nilivyomsikiliza mume wangu akiita, sauti ikipungua, ikipungua, kama mtu anayeteremshwa kisimani. Sina la kuongeza hapo. Nilikaa juu ya breki.

Kukawa kimya.

Kisha nyayo kwenye kokoto. Hezroni akatokea kwenye mwanga wa taa, mikono mitupu. Akazunguka, akafungua mlango wake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hezroni alikuwa pande la mtu. Akikanyaga kibao cha kupandia, lori lote linamwinamia, springi zinaguna, na aliyekaa pembeni yake anateremka naye. Tangu nimeolewa lilikuwa hivyo. Na usiku ule gogo limeshatoka, chuma cha upande wake ni kile dhaifu cha lori bovu.

Akakanyaga kibao. Akapanda. Akakaa.

Lori halikuinama.

"Toa mguu," akasema. Sauti yake. Harufu yake, grisi na jasho. Akaweka mguu wake kwenye breki, nikatoa wangu, tukaenda nyumbani.

Asubuhi nilikwenda kwa baba mkwe, mzee Eliakunda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza yote. Alisikiliza amefumba macho. Akasema kaka zake waliteremka kwenye reli na kwenye mkonge, wakafia huko, na kwa sababu ya kanisa na ya serikali hakuna aliyekwenda kuchukua vichwa vyao. Walikuwa wanangoja kitu chochote cha kwao kipite karibu, wakikalie. Mwanawe amewapelekea.

Nikamuuliza, na Hezroni je.

Akaniuliza kama aliniita kutoka kule juu. Nikasema aliniita. Akafumbua macho, akatazama uani, ambako Hezroni alikuwa akipasua kuni, anapiga mluzi.

"Mpikie," akasema. "Usimuulize kitu."

Nikampikia. Alikula vizuri. Aliacha hata pombe, na watu wa kanisa wakanipongeza. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba. Alikuwa akilala upande wake, na kamba za upande wake hazikushuka. Nilikuwa nazigusa gizani kwa mkono, zimekaza kama za ngoma. Chuma cha Tanga kilipofika, Aminiel alikifunga, akampandisha Hezroni kujaribu, akatazama springi, akamteremsha, akampandisha tena. Akanitazama mimi. Kisha akakusanya vyombo vyake, na toka siku hiyo hakuligusa tena lori lile.

Ningemkimbia? Niende wapi, nikaseme nini? Mume wangu hanipigi, halewi, analima, ila hana uzito?

Mwaka uliofuata nikajifungua msichana, Yudith. Mzuri, analia kwa nguvu, ananyonya mpaka anasongwa. Nikampeleka kliniki ya misheni. Walikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya springi, wanamtia mtoto kwenye kitambaa na mshale unazunguka. Muuguzi Honorata akamtia Yudith. Mshale haukuzunguka. Akaigonga kwa kidole. Akamtoa, akatia kopo la maziwa, mshale ukaenda. Akamrudisha mtoto, mshale ukarudi ulikotoka.

"Mizani imeharibika, mama," akasema.

Nikasema ndiyo. Imeharibika.

Hezroni tumemzika siku nyingi. Kuhusu jeneza sitaki kuulizwa. Waliolibeba wapo, waulizeni wao. Yudith ni mtu mzima, ameolewa Mamba, ana watoto wengi wenye afya. Likizo wanakuja kwangu, wanashindana kunikalia magotini, wakubwa kwa wadogo, nawapakata wote kwa pamoja. Majirani wanasema bibi huyu pamoja na uzee wake ana magoti ya chuma.

Nawaacha waseme.